Mgeni Ndani ya Mac ya Mratibu

Ninayo heshima kuutangazia umma kwamba Idara ya Michoro ya Mpakani, ninayoitumikia kama Afisa Itifaki, imekuwa ya kwanza hapa Ngara kumpokea mgeni anayeishi ndani ya kompyuta. Wenzetu wa Biharamulo wana boma la Mjerumani. Sisi tuna Mac.

Mac hiyo ilinunuliwa na Mratibu wetu, Mheshimiwa Rwekaza, baada ya uchunguzi wa kina: aliiona ikiwa imefungwa, akaona tufaha mgongoni, akasema, "Hii imefanana na mimi." Swali la itafanya kazi gani likaahirishwa hadi kikao kijacho.

Kazi ilikuwepo. Akina mama wanaouza nyanya Kabanga, pale mpakani na Burundi, walikuwa wameahidiwa banda la soko. Mfadhili alitaka mchoro kabla ya mwezi kuisha, la sivyo banda linahamia kwa wengine. Mchoraji wetu, Marsiana, akaifungua Mac, akacheka hadi akashika meza.

"Bosi, umenipiga chenga. Programu yangu ya kuchora majengo ni ya Windows. Humu haiingii."

"Ilazimishe."

"Hailazimishwi. Ila njia ipo. Natengeneza mashine pepe."

"Pepo?" Mratibu akasogeza kiti nyuma.

"Pepe, bosi. Kompyuta ya kuigiza ndani ya hii ya kweli. Mac inakuwa mwenyeji, Windows inakuwa mgeni. Mgeni anadhani yuko kwake, anachapa kazi."

Sisi ni watu wa mpakani. Neno "mgeni" halipiti hivi hivi. Mratibu akaunda Kamati ya Mapokezi, mwenyekiti yeye, katibu mimi. Tukajadili kama mgeni ana kibali cha kuishi, na kama atasalimiwa kwa Kiswahili au kwa Kihangaza. Siku ya kuwashwa kwake tukatandika kitambaa cha maua, tukamwekea soda na karanga kando ya kibodi. Mratibu akainywa soda kwa niaba yake.

Mgogoro ukazuka kwenye mgao.

"Mgeni anahitaji nusu ya kumbukumbu ya Mac," Marsiana alieleza. "Kuchora jengo zima ni kazi nzito. Ukimnyima anasinzia."

"Nusu ya nyumba? Hata shemeji yangu alipewa kochi tu! Mpe kidogo kabisa. Akizoea ataomba na funguo."

Kamati ikaridhia kwa kauli moja, ya Mratibu.

Basi mgeni akaanza kuchora. Marsiana akiweka nguzo asubuhi, inatokea wakati wa chai. Akijaribu kuizungusha, Mac inaguruma kama fuso linalopanda kutoka Rusumo. Niliripoti kwamba kazi inaendelea kwa utulivu mkubwa.

Ndipo akaja Bonifasia, msemaji wa akina mama wa Kabanga, na mwavuli uliovunjika mbavu.

"Shikamoo, mkubwa. Banda letu limefika wapi?"

"Marahaba," Mratibu akajibu. "Paa linachorwa. Kaa ulione."

Akakaa, macho kwenye kioo. Nje mvua ikapiga, ikakatika, ikarudi. Paa halikutokea.

"Mama, mambo ya kitaalamu hayana haraka," Mratibu akamtuliza.

"Nyanya zinayo," akajibu Bonifasia.

Siku ya mwisho ya mfadhili ikafika, na ndiyo siku ambayo Mratibu alikuwa amemwalika Mkurugenzi wa Idara, Bi Naima, aje ajionee maajabu. Bonifasia naye alirudi, safari hii bila mwavuli, amelowa hadi kwenye kilemba.

"Mheshimiwa," Mratibu akaanza, kifua mbele, "mwenyeji hachori. Yeye ana umbo, ana mng'ao, na anashikilia rasilimali zote. Anayefanya kazi ni mgeni, kwa kile kidogo anachogawiwa."

"Na ofisi hii inaendeshwa hivyo?" Bi Naima akauliza.

"Hivyo hivyo, mheshimiwa!"

Nikapiga makofi. Nilikuwa peke yangu.

Bi Naima akamgeukia Marsiana. "Mgeni akipewa hiyo nusu, mchoro unakamilika leo?"

"Kabla hatujala mchana."

"Sasa unasubiri nini?"

"Kamati."

"Nimeivunja. Mpe."

Marsiana akamzima mgeni, akamgawia nusu ya kumbukumbu, akamwasha upya. Weee! Nguzo zikasimama, kuta zikapanda, paa jekundu likatua juu. Akalizungusha banda kama chapati kwenye kikaango. Bonifasia akapiga vigelegele hadi walinzi wakaja mbio. Mchana mchoro ukatumwa, jioni ukakubaliwa.

"Rwekaza," Bi Naima akasema akiaga, "mtu anayejua kupokea wageni namna hii hafai kufungiwa ndani. Utasimamia ujenzi Kabanga, pale pale sokoni, hadi bati la mwisho. Ofisi ataitumia Marsiana."

"Na gari?"

"Na gari."

Katika taarifa rasmi nimeeleza kwamba Mratibu amesogezwa karibu na wananchi. Juzi nilimpelekea koti la mvua. Nilikuta nguzo zimesimama, paa bado, na wingu zito limetanda upande wa Burundi. Kabla sijafika, likapasuka. Mheshimiwa akakimbia huku na huku, viatu vimejaa tope, akajichomeka chini ya turubai la Bonifasia, katikati ya matenga.

Bonifasia akamsukuma taratibu kwa kiwiko.

"Mkubwa, samahani. Toka kidogo, nyanya zinalowa."

Akatoka.