Mfuasi Wangu Mmoja Uwanjani

Jumanne, 9 Juni
Heshima imenijia! Kaka Allen kapiga simu kutoka Kiwalani. Jumamosi wageni wanakuja kumposa binti yake, Asifiwe, na msemaji wa ukoo ni mimi, Kamugisha. Si Benjamin. Mimi! Binamu Benjamin ndiye huchekesha kundi letu la WhatsApp. Mimi nikiandika, watu hunyamaza kama nimetangaza msiba.

Asifiwe mwenyewe akachukua simu. Akasema, baba mdogo, ni mie niliyemwomba baba akuchague wewe, tafadhali usiniangushe. Mtoto huyu nilimfundisha baiskeli. Nililia kidogo, jikoni, nikasingizia vitunguu. Hakukuwa na vitunguu.

Jumatano, 10 Juni
Anwar wa masjala kazini anasema kuna mtandao mpya, unaitwa Uwanja. Wakubwa hawajahamia bado. Atakayeingia sasa ndiye mwenye nyumba, wengine watakuwa wapangaji. Nikamuuliza kama yeye kajiunga. Akasema anasubiri aone wenzake. Mwoga!

Nyumbani nikamtaka ushauri mke wangu. Kokuberwa akasema niko kwenye mitandao minne na hakuna hata mmoja ambako nimewahi kujibiwa, sasa wa tano wa nini. Huo si ushauri, ni wivu. Nikajiunga. Uwanja ukauliza kama niwaalike wote walio kwenye simu yangu. Nikabonyeza ndiyo. Watu mia tatu na kumi na mbili! Fundi bomba, muuza matofali, kinyozi wangu wa zamani, mzee Elibariki wa upande wa bwana harusi, daktari wa mbwa. Wote.

Alhamisi, 11 Juni
Mfuasi! Mmoja, lakini ana adabu. Anajiita Mpenda Methali, na picha yake ni mgomba. Nikamjaribishia utani wangu wa Jumamosi. Wageni watasema wameona ua zuri bustanini mwetu, kama desturi. Mimi nitajibu: hapa hatuna maua, tunafuga kuku tu. Akanitumia vikatuni vitano vya kucheka. Vitano! Benjamin hajawahi kupata vitano kwa mtu mmoja.

Nikamwongezea methali zangu zote, kwa mpangilio nitakaoutumia. Akaomba nirudie ya tatu, anaiandika.

Ijumaa, 12 Juni
Mpenda Methali ameuliza, kwa unyenyekevu mkubwa, msemaji hodari kama mimi akibanwa hufanyaje. Hakuna mtu aliyewahi kuniita hodari. Nikamfungulia moyo. Nikamwambia kwenye mahari tutakaza mpaka chai. Baada ya chapati tutalegea, maana kaka Allen ameshampenda huyo kijana anayeposa, Godlisten, na kitambaa cha sendoff, sherehe ya kumuaga binti, kimeshafika kwa fundi.

Kokuberwa akauliza ninacheka na nani. Nikamjibu, na msomi.

Jumamosi, 13 Juni
Mungu wangu.

Sebule imejaa, shangazi wote wamevaa vizuri, Asifiwe kafichwa chumbani kama inavyotakiwa. Mzee Elibariki akasimama, akasema wameona ua. Nikasubiri ngurumo ya ndege ipite juu ya bati, maana Kiwalani huwezi kushindana na ndege, kisha nikatamka: hapa tunafuga kuku tu.

Akafungua mfuko. Akatoa sado, kopo zima la mahindi. Akasema walisikia kuna kuku, wakaona si vizuri kuja mikono mitupu.

Vicheko! Hata Benjamin alijifuta machozi. Nikakimbilia methali. Nikasema, mwenye pupa... Wageni wote wakaitikia kwa pamoja, hadiriki kula tamu! Ya pili wakaimalizia pia. Ya tatu mzee aliisoma kwenye karatasi. Nikaona nikaze, nikataja tunachotaka. Mzee akaketi, akakunja mikono, akasema hawana haraka, wanaomba chai iletwe kwanza, maana wamesikia familia hii baada ya chapati hulegea.

Kaka Allen akanitazama. Nikazitazama chapati. Benjamin akasimama, akaomba radhi kwa niaba ya ukoo, akamaliza mambo yote kwa dakika kumi. Wageni wakampigia makofi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Wakati wa kuaga nilimpa mzee Elibariki shikamoo. Akaitikia marahaba, mwenyeji wa Uwanja. Kwenye simu yake niliuona mgomba.

Jumapili, 14 Juni
Asifiwe amepiga. Niliogopa kupokea. Akasema posa imekubaliwa na ana furaha, ila alificha uso kwenye mto wa kitanda kwa aibu, maana pale chumbani alisikia kila neno, hata kile kicheko cha shangazi kilichomtoa kilemba. Kisha akacheka, akasema bado mie ni baba mdogo wake. Hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana. Kaka Allen ameshanihamisha kitengo: msemaji ni Benjamin, mimi nashughulikia viti na maturubai.

Kokuberwa akasema nifute Uwanja leo hii. Nikaona nisikurupuke, tuwaulize wananchi. Nikaweka kura: je, mtandao huu una faida kujiunga? Jibu limeingia kabla sijaweka simu chini. Mpenda Methali: una faida sana, umetusaidia mno, usiondoke mwanangu.

Kura moja, asilimia mia moja! Mtandao gani mwingine umewahi kunikubali hivyo? Kesho namwandikia ramani ya viti, aniambie kama shangazi zetu wakae mbele.