Kijivu na Faida Zake kwa Watoto Wadogo

Umma wa Kampala na vitongoji vyake unatangaziwa, kwa furaha na taadhima, kwamba baada ya miezi minne ya mashauriano mapana, vikao kumi na saba na semina moja ya siku tatu, Kurugenzi ya Maktaba na Masimulizi imekamilisha maandalizi ya kuwasimulia watoto wa miaka mitatu hadi sita hadithi moja.

Tangazo hilo aliliandika Ojera Valentino kwa mkono wake mwenyewe, akaligonga muhuri mara mbili, akalibandika kwenye mlango wa Chumba cha Watoto, katika maktaba iliyo nyuma ya kambi ya polisi, si mbali na soko la Kalerwe. Akarudi nyuma hatua mbili, akalisoma upya. Neno "masimulizi" lilimpendeza mno. Cheo chake kilikuwa Kaimu Afisa Mwandamizi wa Saa ya Hadithi, na alikuwa amekaimu miaka kumi na moja bila kusimulia hadithi hata moja. Sisi watu wa mafaili hatuoni ajabu hapo. Mpishi mkuu hamenyi vitunguu.

"Mzee Ojera," akasema Rehemah, mkutubi wa watoto, mama wa Kinubi asiye na subira na karatasi, "tangazo lako limefunika kitasa. Watoto wataingiaje?"

"Kwa utaratibu," akasema Ojera.

Lakini sauti yake haikuwa na nguvu, kwa sababu mfukoni alikuwa na barua. Ilikuwa imeteremka asubuhi ile kutoka ghorofani, kwa Mkurugenzi mwenyewe, Daktari Okwera. Mkurugenzi alikuwa amegundua kwamba wageni wake wana chumba kimoja tu cha kusubiria. Basi Chumba cha Watoto, kwa kuwa hakina shughuli yoyote iliyoripotiwa, kitakuwa chumba cha pili cha kusubiria kuanzia Jumatatu, isipokuwa kama ripoti ya Saa ya Hadithi itafika mezani kwake kufikia asubuhi ya siku hiyo. Na barua ilifika Ijumaa.

Ojera aliumia. Tusimsingizie, aliumia kweli. Mama zao wale watoto walikuwa wakiuza nyanya Kalerwe au wakilinda malango ya watu na bunduki begani. Bila kile chumba, watoto wangecheza pale malori ya matoke yanaporudi kinyumenyume. Mjukuu wake Lakot, wa miaka minne, alikuwa miongoni mwao, kwani mama yake alikuwa askari wa zamu huko Port Bell. Hiyo ilikuwa nusu ya uchungu. Nusu ya pili ni kwamba chumba kikiondoka, Ojera angekuwa kaimu wa nini?

Mtu atauliza vikao kumi na saba vilikuwa vya nini. Ni swali la mtu ambaye hajawahi kukaa katika kamati. Vilikuwa vya mada! Saa ya Hadithi haiendi bila mada, na mada ya kwanza, "Wanyama", ilikataliwa kwa sababu simba angeonekana anamsema mkubwa fulani. "Familia" ikakataliwa, maana mjumbe mmoja ana familia tatu na hakutaka zijuane. "Chakula" ikaonekana ni uchochezi. Katika kikao cha tisa Ojera akapendekeza "Rangi", watu wakapumua, wakapiga makofi, hadi mjumbe mmoja alipokumbuka kwamba njano ina chama chake, nyekundu ina chama chake, bluu na kijani nazo zina wenyewe. Wakaondoa moja baada ya nyingine, kwa kura, mpaka ikabaki moja tu ambayo hakuna aliyewahi kuipigania barabarani. Mada ikapitishwa kwa kauli moja: "Kijivu na Faida Zake kwa Maendeleo."

Jumamosi saa nne kamili, watoto thelathini na wanne walikuwa wameketi kwenye mkeka. Nje kulikuwa na hema, spika mbili zenye ukubwa wa kabati, na viti vya plastiki vilivyovalishwa vitambaa vya kijivu. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa mgeni rasmi.

"Tuanze tu, Mzee," akasema Rehemah. "Mimi nina hadithi. Dakika kumi tumemaliza, unaandika ripoti, chumba kinapona."

"Bila mgeni rasmi?" Ojera alishtuka. "Mama, hiyo haitakuwa Saa ya Hadithi. Hayo yatakuwa maongezi."

Wakasubiri. Saa tano ikapita, saa sita ikapita. Watoto wakamaliza mandazi yaliyotengwa kwa meza kuu. Mmoja alikojoa kwenye zulia la heshima, na kwa bahati zulia lilikuwa la kijivu. Lakot akaja akamvuta Ojera suruali.

"Babu, hadithi iko wapi?"

"Inakuja na mgeni rasmi."

"Ameibeba kwenye mfuko?"

"Kwenye bahasha," akasema Ojera, na hakudanganya.

Tatizo lilikuwa Nateete. Siku hiyo kulikuwa na kwanjula huko, sherehe ya bwana harusi kujitambulisha ukweni, na nani aliyewahi kuacha kwanjula kwa ajili ya mada? Mkurugenzi alikwenda huko, akamtuma Naibu wake amwakilishe maktabani. Naibu alipopita kumuaga akaona pilau, akamtuma Katibu. Katibu akaombwa awe msemaji wa upande wa bwana harusi, akamtuma Afisa Itifaki. Afisa Itifaki alifika hadi kwenye gari, akafungua mlango, akasikia ngoma, akaufunga.

Kwa hiyo saa nane na robo gari la Mkurugenzi lilipoingia, likipeperusha bendera yake, na watu wote wakasimama, aliyetoka alikuwa Fadhul, dereva.

"Wakubwa wote iko Nateete, Mzee, wanakula," akasema Fadhul. Akanyoosha bahasha. "Wamesema mimi ndio mwakilishi. Hotuba ndiyo hii."

Banange, jamani! Rehemah alishika kiuno akacheka. Lakini Ojera hakucheka, kwa sababu alikuwa anaujua Waraka Namba Saba, alioutia saini Daktari Okwera mwenyewe, na ambao kila ofisa wa Kurugenzi ameukariri: "Mwakilishi si mtu mwingine. Mwakilishi ni mkubwa aliyefika kwa njia nyingine. Anachosema, mkubwa amesema. Anachofanya, mkubwa amefanya. Na katika ripoti asitajwe ila mkubwa." Basi Ojera akainama, akampokea Fadhul kwa mikono miwili, akamwita "Mkurugenzi", na kumkalisha kwenye kiti cha wakubwa, chenye taulo mgongoni.

Nyimbo zikapigwa, wa taifa na wa Afrika Mashariki. Ojera akatoa maneno machache ya ukaribisho, kurasa tisa. Alipoinua macho kwenye ukurasa wa sita, watoto kumi na mmoja walikuwa wamelala. Alipomaliza, Fadhul akasimama, akafungua hotuba ya Mkurugenzi, akasoma kwa kidole.

"Kwa ku... kuzingatia mfumo jumuishi wa uwa... uwasilishaji..." Akapangusa jasho. "Mzee, mimi najua breki na gia. Haya maneno sijawahi kukutana nayo."

"Hiyo siyo hadithi," akasema Lakot kwa sauti, akasimama. Nyuma yake watoto wengine nao wakasimama. Mmoja akaanza kutafuta ndala zake.

Wakitoka wale, hakuna Saa ya Hadithi. Bila Saa ya Hadithi hakuna ripoti. Bila ripoti, Jumatatu makochi ya wageni yanaingia. Aliitazama hotuba, akautazama mlango. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna kaimu aliyewahi kulifanya bila kikao.

"Mkurugenzi," akamwambia Fadhul kwa kunong'ona, "huna hadithi yoyote kichwani? Iwe ya kijivu tu."

Fadhul akafikiri. "Fisi ni kijivu?"

"Fisi ana madoa," Ojera akasikitika.

"Akijigaragaza vumbini ni kijivu," akasema Rehemah.

"Imepitishwa," akasema Ojera.

Na hapo Fadhul akavua viatu. Akavua koti akalitupa kwenye meza kuu, akashuka kwa mikono na magoti katikati ya mkeka, akanguruma hadi waliolala wakaamka. "Fisi mmoja," akaanza, "alikuwa na nyumba ya vyumba vitano. Cha kulala, cha kula, cha kulala baada ya kula, cha kuwekea mifupa, na cha wageni kusubiri. Lakini wageni hawakutosha humo. Akawaona watoto wa sungura wana shimo moja tu. Akasema, nalitaka hilo! Nitaweka wageni, na viatu vyangu!"

"Ana viatu vingapi?" mtoto akauliza.

"Vinne!"

Rehemah akatazama dari. Madereva husikia kila kinachosemwa kwenye kiti cha nyuma.

"Sasa nani atakuwa shimo?" Fadhul akaangaza macho. "Mzee Ojera, njoo. Panua miguu."

Ojera alikuwa na tai, na beji yenye jina lake lote. Alitaka kusema kwamba jambo hilo liko nje ya majukumu yake. Lakini Lakot alikuwa ameshamwelekeza pa kusimama, kwa hiyo akasimama, akapanua miguu, na watoto thelathini na wanne wakapita katikati yake wakipiga kelele za sungura. Wa mwisho akaja fisi. Akaingiza kichwa, akakwama, matako nje, na watoto wakamzunguka wakiimba, "Fisi, toka! Siyo kwako! Fisi, toka! Siyo kwako!" mpaka fisi akalia, akaomba msamaha, akaapa hatagusa tena shimo la watu. Wauza nyanya waliokuja kuchukua watoto wao walisimama madirishani wakacheka hadi machozi. Katika miaka yake kumi na moja, ndiyo mara ya kwanza Ojera kufanya kazi aliyoajiriwa kuifanya, na aliifanya kama shimo.

Jumapili akaandika ripoti. Waraka ni waraka, na hakuna mahali uliposema udanganye. "Mgeni rasmi, Mkurugenzi Daktari Okwera, alifika," akaandika. "Alivua viatu. Alitambaa na kunguruma kwa muda wa dakika ishirini. Aliingiza kichwa katikati ya miguu ya Kaimu Afisa Mwandamizi, akakwama. Aliwaomba watoto msamaha. Aliapa kutogusa chumba chao. Watoto waliomba arudi." Jumatatu asubuhi ripoti ikapanda ghorofani. Daktari Okwera, aliyekuwa na makaratasi sitini ya kusaini na tumbo bado zito kwa pilau, akasaini yote bila kusoma, na nakala ikaenda kwa Waziri kama kawaida.

Makochi hayakuingia. Wiki nzima ikapita kimya, na Ojera akaanza kuamini kwamba hakuna mtu anayesoma ripoti, imani inayotulisha wengi wetu.

Jumamosi iliyofuata, saa nne kasoro, Waziri akaingia kwa miguu, mama mfupi mwenye mkoba mkubwa, bila king'ora wala mwakilishi. Akachukua kiti cha mtoto, akakaa katikati ya mkeka.

"Miaka ishirini nasoma ripoti," akamwambia Rehemah. "Hii ndiyo ya kwanza nimeisoma mara tatu. Mwiteni Mkurugenzi. Nataka kuona."

Daktari Okwera akateremka ngazi akifunga vifungo vya koti. Alipoelewa anachotakiwa, akatabasamu kwa heshima. "Mheshimiwa, nitamtuma dereva wangu aniwakilishe."

"Leo nakutaka wewe," akasema Waziri. "Si ulisaini?"

Akamwonyesha saini. Mkurugenzi akasoma ripoti kwa mara ya kwanza, akiishika kwa mikono miwili, na uso ukageuka rangi ambayo kamati iliipitisha kwa kauli moja. Akamsogelea Ojera.

"Hadithi yenyewe inahusu nini?" akanong'ona.

"Mkubwa, wewe ndiye uliyeisimulia."

"Inaanzaje?"

"Kwa viatu, mkubwa."

Viatu vikavuliwa. Daktari Okwera akashuka chini, goti moja kisha la pili, akatoa mngurumo ambao ulifanana zaidi na kikohozi. Watoto wakamtazama.

"Huyu siyo yule," akasema mmoja. "Huyu hajui."

"Tutamfundisha maskini, bambi," akasema Lakot. "Babu, kuwa shimo."

Ojera akapanua miguu. Watoto wakapita, na kila aliyepita akamwelekeza fisi: inamisha kichwa, zaidi, zaidi. Kichwa kikaingia, na miwani ikaanguka.

"Fisi, toka! Siyo kwako!" chumba kizima kikaimba, Waziri akipiga makofi.

"Sema samahani!" wakamwamuru.

"Samahani," ikasikika kutoka chini.

"Sema hutachukua chumba chetu!"

Waziri akatoa daftari kwenye mkoba, akafungua kalamu, akangoja.

"Sitachukua," akasema Mkurugenzi, naye Waziri akaandika, akaweka tarehe. "Ojera, sasa niachie nitoke."

"Babu," akasema Lakot, "hajasema kwa sauti."

Ojera, ambaye tangu aajiriwe hakuwahi kumnyima mkubwa jambo lolote, akabana magoti.