Bwana wa Mikono ya Rangi Mbili

Gommaar Daelemans aliingia abasia ya Mtakatifu Gorik kuonja jibini ya bure, na hilo lisihesabiwe kuwa dhambi, maana hata wenye fedha huonja. Alikuwa mtu wa Ghent, mpole wa sura, mwenye koti zuri na ulimi wa kumtoa nyoka pangoni na kumwuzia viatu. Siku hiyo mvua ilimzuia kuondoka. Baba Abati Gerlak, mzee mnene mwenye huruma, akamkaribisha supu pamoja na watawa. Hapo Gommaar akainua macho, akaiona riziki yake imetundikwa ukutani juu ya jiko.

Ilikuwa picha ya Yohana Mbatizaji, amesimama mtoni, mwembamba, mashavu yamebonyea. Moshi ulikuwa umeifanya nyeusi na joto limeipasuapasua. Jambo moja lilikuwa la ajabu: mikono ya mtakatifu ilikuwa ya kahawia kutoka vidoleni hadi juu kidogo ya kiwiko, kisha ghafla ikawa myeupe kama maziwa.

Akauliza nani aliyechora. Abati akamweleza kwamba katika nyumba ile mkono hautajwi. Mtawa awe ametengeneza jibini, kiti au picha, haandiki jina lake kwenye kazi, na wenzake hawalisemi. Gommaar alisikia sehemu aliyoitaka tu: mchoraji hajulikani.

Sasa, watu wa biashara ya picha wana desturi yao. Mchoraji wa kale asipojulikana jina, humwita kwa kitu alichozoea kuchora: Bwana wa Mlango Mwekundu, Bwana wa Mbwa Aliyelala. Jina likishapatikana, bei hupanda ngazi yenyewe. Supu haijapoa, Gommaar alikuwa keshambatiza wa kwake: Bwana wa Mikono ya Rangi Mbili. Alimzaa na kumzika papo hapo, miaka mia tano iliyopita.

Mnunuzi naye alikwisha kumfikiria. Bibi Hortense Wuyts wa Antwerp, mjane wa viwanda vya matofali, alikuwa na nyumba iliyojaa watakatifu ingawa kanisani haendi. Alipenda chochote ambacho jirani yake hana.

Kilichobaki ni kuipata picha kwa bei ya kiazi. Gommaar akatoa lenzi, akaisogelea, akaguna kama daktari anayetaka kulipwa mara mbili.

"Baba Abati, nitasema kweli ingawa inauma," alisema. "Hii ni kazi ya juzijuzi tu. Na aliyeichora hakufundishwa na mtu. Tazama pua hii. Mtakatifu mzima kapewa pua ya bata."

Mtawa mmoja mzee aliacha kijiko hewani. Wakati wa kula ni Abati na mgeni wake tu wenye ruhusa ya kusema, lakini kijiko kilipotua, kilitua kwa kishindo.

"Una hakika, Bwana Daelemans?" aliuliza Abati.

"Nakuapia. Haina hata umri wangu."

Abati alimtazama kwa mshangao, akasema hajapata kukutana na jicho kali namna ile. Gommaar akanyenyekea. Akasema, hata hivyo, marehemu mama yake alimpenda sana Yohana, naye angeichukua kwa kumbukumbu.

Abati hakutaka fedha. Gari la abasia lilikuwa limekufa na jibini ya soko la Ijumaa ilikuwa inangoja. Akachungulia dirishani, akaisifu Mercedes ya kijani iliyokuwa uani.

Gommaar naye akachungulia dirishani. Gari lile aliachiwa na shangazi yake. Ndicho kitu pekee ambacho angeweza kumwonyesha polisi bila kutoka jasho, na mwenye nyumba alipobadili kufuli, ndimo alimolala. Isitoshe, tapeli anayewasili kwa basi huulizwa maswali mengi.

"Fikiri, mwanangu," alisema Abati. "Usije ukasema tumekuuzia mbuzi kwenye gunia."

Gommaar akaufikiria ukwasi wa Bibi Wuyts, akatoa funguo.

Antwerp alifika kwa treni, amempakata Yohana ndani ya blanketi. Bibi Wuyts alimpa kahawa, naye akamlipa kwa maneno ya saa nzima: karne, vanishi, upweke wa fundi asiyejulikana. Mwisho bibi akavaa miwani, akainama. Mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko, mpaka kahawa ikamwagika.

"Nani kachora, unasema?"

"Bwana wa Mikono ya Rangi Mbili. Ona mwanga unavyokatika hapa, Bibi. Siri hii alikufa nayo."

"Siri gani? Hiyo ni alama ya fulana. Huyu Yohana wako ni Staf Rombouts."

Gommaar akauliza kwa heshima kama Staf naye ni mtakatifu.

"Wewe ni mtu wa nchi hii kweli? Kashinda mbio za baiskeli za barabara ya mawe mara mbili. Picha yake ilikuwa jikoni kwa mama, juu ya Bikira Maria. Pua aliivunja alipoanguka na baiskeli, na jua lilimchoma mpaka pale mkono wa fulana ulipoishia."

Mtoto yeyote wa pale angelijua hilo. Lakini baba yake Gommaar alimsimamisha kwenye mvua Jumapili nzima nzima, kusubiri wanaume waliopita kwa muda wa chafya moja. Tangu hapo alizichukia baiskeli, wala hakuzitazama tena.

Akanyoosha mkono kuichukua picha. Bibi akaweka wake juu.

"Iache hapo. Umekunywa kahawa yangu ukiniapia miaka mia tano. Nimpigie simu mpwa wangu wa polisi, au umeniletea zawadi?"

Ilikuwa zawadi. Alipotakiwa aseme ilikotoka, alisema, kwa kuwa uongo ulikuwa umemwishia.

Alirudi abasia kwa basi, kisha kwa miguu. Abati alikuwa uani, na yule mtawa mzee wa kijiko, Bruda Odulf, alikuwa akilisugua gari kwa mapenzi. Gommaar alilalamika kwamba ameingizwa mjini: picha ile ni mpya.

"Ndivyo ulivyotuambia," alisema Abati.

"Nilikuwa nadanganya, Baba."

"Sisi tungejuaje? Hapa mtu akiapa, tunamwamini. Na ulisema kweli, ila ile ya bata. Kuna mtu hapa hajala vizuri tangu siku ile."

Bruda Odulf akazidisha kusugua gurudumu.

Kisha Abati akasema bibi mmoja wa Antwerp amepiga simu. Anataka mitume wote kumi na wawili kutoka mkono uleule, naye ataezeka paa la kanisa. Anahitajika dereva. Malipo ni kitanda, supu na jibini, kwa sharti moja: mkono hautajwi. Gommaar alilitazama gari lake, akapokea funguo kama mwajiriwa.

Petro alipofikishwa Antwerp, jirani ya Bibi Wuyts, mama mwenye koti la manyoya na macho ya wivu, alimvuta Gommaar pembeni, akamnong'oneza: aliyechora ni nani hasa? Ulimi ulimwasha. Lakini Bruda Odulf alikuwa amekaa ndani ya gari, kioo kimeshushwa.

"Mimi ni dereva tu, Mama," alisema Gommaar. "Sijui chochote kuhusu picha."

Yule mama akamkonyeza, akamsukumia noti mfukoni, akasema katika maisha yake hajapata kuona mwongo hodari kama yeye.