Mwisho wa Punda

Jumanne, 9 Juni 1987
Nimechaguliwa! Mimi niliyeishia darasa la tatu, nipendekeze kitabu kipya cha kabati la shule yetu hapa Kyuso. Mama Gicheru wa duka naye amechaguliwa. Haidhuru. Mwalimu Musyoka kasema vitabu viwili vimeletwa vionwe, kimoja tu kinunuliwe. Ijumaa kila mama awasomee watoto chake. Watakachotaka wengi ndicho kitabaki. Changu ni cha msichana anayemtafuta punda wao aliyeibwa.

Jumatano, 10 Juni
Herufi ndogo kama punje za wimbi! Nimempa Mbinya wangu asome, anisimulie tukichagua ndengu. Huyu mtoto! Namba moja darasani mara tatu. Mara ya nne mwalimu alikosea. Alisoma hadi ndengu zikamwagika. Sikumgombeza. Uso wake ulikuwa mahali ambapo mimi sijafika.

Alhamisi, 11 Juni
Kitabu kimeenda kwa pasta akikague, kirudi kesho asubuhi. Mbinya alikuwa katikati! Akaniomba: mwaitu, mama yangu, kisirudishwe kilikotoka kabla sijajua kama punda alipatikana. Nikamwuliza, wewe mama yako ni nani? Nimechemsha isyo, sufuria nzima, ya darasa lao kesho. Mtoto aliyeshiba mahindi na maharagwe hamkatai mtu.

Ijumaa, 12 Juni
Aibu. Nilisoma mistari minne, nikakifunga, nikasimulia. Hadithi haikatizwi njiani; ni kama kumnyang'anya mgeni sahani. Mwisho sikuujua, nikautunga: punda kapatikana Mtito Andei akibebea hoteli maji, mwizi kaokoka. Makofi! Mwalimu akauliza nani anataka kukisoma. Hata mkono mmoja haukuinuka! Kiilu, mtoto wa jirani, akasema cha nini tena, Mama Mbinya amemaliza yote. Mama Gicheru alisoma kurasa mbili kwa sauti ya kuku mgonjwa, akaachia palipo patamu. Wakamvamia wakikitaka, kura zikaenda kwake. Akanipa pole, eti uhodari wangu ndio umeniponza. Mbinya hakula.

Jumatatu, 15 Juni
Mbinya kaenda mwenyewe kwa Mwalimu, kamwambia ule mwisho ni wa mama, si wa kitabu. Kunianika hivyo! Mwalimu kafungua ukurasa wa mwisho, kacheka, kawaambia watoto: Mtito Andei haimo, wala hakuna aliyeokoka. Darasa zima likasimama: sasa punda alipatikana wapi? Wakapiga kura upya. Changu kinabaki! Mbinya ndiye wa kwanza kukiazima. Anasoma hapa kando yangu, hanisikii hata nikimwita.

Mwalimu kaniomba nipendekeze tena muhula ujao, cha darasa la saba, ila safari hii nikisome chote. Nimekubali. Kitabu hakijafika bado, lakini mwisho wake nimeshautunga.