Niliugua kwa Niaba ya Mtaa

Jumatatu, 5 Mei

Mkutano wa mtaa, uwanja wa shule. Bwana afya mpya, kijana anaitwa Rogers, kasema mvua za mwaka huu zinafurisha vyoo, kwa hiyo Chamazi yetu ijiandae kabla kipindupindu hakijafika. Hakijafika! Alilirudia neno hilo mpaka sauti ikamkauka. Hata hivyo Mzee Mwishehe, mwenyekiti wetu, akaanza kuwapa watu pole.

Itaundwa kamati. Wanakamati watavaa vizibao vya reflekta na kukagua vibanda vyote vya chakula. Kibanda kichafu, kufuli. Hapo nikaacha kusinzia.

Kona yangu ya chipsi, pale kijiwe cha bodaboda, ndiyo inayotulisha mimi na mke wangu Mwanaasha. Hatuna nyingine. Na jirani yangu Auleria, mama lishe, benchi lake linasogea upande wangu kila ninapogeuka. Nikifungiwa kidogo tu, nitarudi nikute sufuria lake la maharage limekaa ninaposimama mimi.

Basi lazima niwe mwanakamati. Mkaguzi gani atajifungia mwenyewe?

Jumanne, 6 Mei

Kamati imejaa. Auleria kachaguliwa! Eti kwa sababu ana ndoo za koki na sabuni ya kunawia wateja. Hata mimi nina ndoo. Naloweka viazi humo, lakini ni ndoo.

Sikukata tamaa. Rogers katangaza zoezi la majaribio Ijumaa. Hema la kutengea wagonjwa litafungwa uwanjani, wageni wa wilayani watakuja kutazama, na anatakiwa mtu wa kujifanya mgonjwa. Watu wote wakainama kutazama viatu vyao. Nikanyoosha mkono. Kisha na wa pili! Mzee Mwishehe akanishika bega, akasema mtaa hautanisahau. Rogers akasema mtu wa moyo kama huu anafaa kamati, tutaona baada ya zoezi.

Nimemweleza Mwanaasha. Kaacha kuchambua mchele, kaniuliza kama naikumbuka kazi yangu. Nikajibu ndiyo, nauza chipsi. Akasema, "Haya." Akarudi kwenye mchele wake. Sijui alitaka nijibu nini.

Alhamisi, 8 Mei

Nimeshinda chumbani nikijifunza kulegea. Rogers kasema macho yadidimie na midomo ikauke. Nimejaribu mbele ya kioo, nafanana na marehemu mjomba. Jirani wa nyumba ya pili akachungulia dirishani kuuliza naumwa nini. Nikamjibu kipindupindu, cha kesho. Akaondoka mbio. Nadhani alikuwa na chungu jikoni.

Ijumaa, 9 Mei

Siku yangu!

Wazo la kuangukia mbele ya kibanda changu lilikuwa langu mwenyewe, ili wageni wakione. Nikaanguka vizuri. Wanakamati wenye glavu wakanibeba juujuu. Wengine wakabaki kunyunyiza dawa kwenye meza, kwenye karai, hadi kwenye chupa ya tomato. Watu walirekodi kwa simu. Tangazo la bure kabisa!

Hemani nikatundikiwa dripu ya uongo na kulazwa kwenye kitanda chenye tundu katikati. Sikuuliza tundu la nini. Baadaye nikaelewa: kuhara hakusubiri choo.

Mlangoni waliweka Gozbert wa bodaboda, amri moja tu: asiingie mtu. Wa kwanza kufika ni shangazi yangu kutoka Mbagala. Gozbert akamwambia ni majaribio, haruhusiwi. Shangazi akamuuliza, "Kwenu mtu akiugua mnamtupa kama paka?" Gozbert kijana mwenye adabu. Akamwamkia shikamoo, akampokea kapu, akamfungulia.

Baada ya hapo hema likajaa. Kina mama wa kikundi cha kuzikana na mkeka wao. Wanaume wa kijiwe cha kahawa. Jirani wa dirishani, analia. Kila mmoja kanishika mkono, kanipapasa kipaji cha uso, hakuna aliyenawa. Uji ukaja, kikombe kimoja kikazunguka, nikianza mimi. Nilimweleza kila mtu kwamba siumwi, ni zoezi. Wakaitikia kwa upole: "Ndo hivyohivyo baba, jipe moyo."

Hata Auleria alikuja, kizibao kinang'aa, na hotipoti la mtori. Akasema bila mie kona haitakuwa kona. Machozi yakanitoka, na hayakuwa ya zoezi. Miaka yote nimeamini ananiombea mabaya. Kwa muda mfupi nikalisahau hata benchi.

Rogers alisimama pembeni, mikono kichwani. Wageni wa wilayani walinong'onezana. Nadhani niliwagusa.

Jumamosi, 10 Mei

Sielewi! Nimefungua mapema, mafuta yamechemka, hakuna mteja. Bodaboda wote wamejaa kwa Auleria. Wakipita kwangu wanapitia ng'ambo ya barabara, wananipungia mkono, wananipa pole.

Nikamfuata Gozbert. Nikamkumbusha kuwa yeye mwenyewe alilinda mlango wa zoezi. Akakubali bila ubishi. "Najua braza, ilikuwa zoezi. Ila zoezi lenyewe lilikuwa na dripu." Atasubiri kwanza. Lakini jana alikunywa uji kwenye kikombe changu! Nikamwuliza Mzee Mwishehe watu hawa wana akili gani. Akanieleza taratibu, kama mtoto, kwamba kumjulia hali mgonjwa ni wajibu, kula chipsi zake si wajibu.

Mwanaasha kala viazi viwili vya baridi, kalala.

Benchi la Auleria limegusa nguzo yangu. Kasema wateja wamezidi, wakae wapi?

Jumapili, 11 Mei

Mpango: nile chipsi zangu mwenyewe hadharani.

Nimeazima kipaza sauti cha mtaa. Nikatangaza kwamba mimi Kondo ni mzima kama chuma. Watu wakakusanyika, wakasimama mbali. Nikamaliza sahani. Nikala nyingine, na mayai. Hakuna aliyesogea. Nikaongeza nyingine na pilipili nyingi, kuonyesha nguvu. Mmoja akaanza kutabasamu! Nikaagiza kwangu mwenyewe sahani ya mwisho.

Tumbo likanguruma, na kipaza sauti nilikuwa nimekibana kwapani. Mtaa mzima ukasikia. Nikakimbilia chooni, mtaa mzima ukaona.

Rogers akaitwa. Kanipima, kawatangazia wote kuwa ni shibe tu. Hakuna aliyemwamini. Mtu mmoja akauliza kama shibe inaambukiza.

Jumanne, 13 Mei

Mkutano wa kupokea matokeo. Rogers kasema waziwazi: ungekuwa ugonjwa wa kweli, waliokuja hemani wote wangekuwa sasa kwenye vitanda vya tundu, na wengine tungekuwa tumewazika.  Kina mama wa kikundi wakatazamana.  Mimi mwenyewe nikamkumbuka shangazi na kile kikombe.

Shangazi ndiye aliyesimama. Kasema hawezi kumwacha mgonjwa bila salamu, atakufa na aibu. Lakini atasalimia kutoka getini, uji atamkabidhi muuguzi, na atanawa akija na akiondoka. Wakakubaliana wote hivyo, na kwamba asiyeingia ndani asisemwe ana roho mbaya. Gozbert kafurahi kupita kiasi. Kasema sasa ataweza kukataza, maana si yeye anayekataza, ni mtaa.

Rogers kasema bila mimi wasingelijua hilo. Makofi! Nikaenda mbele kupokea kizibao. Hakukuwa na kizibao. Kulikuwa na karatasi ya ukaguzi: sehemu ya kunawia hakuna, kibanda kifungwe mpaka ipatikane.

Nilikaa chini. Auleria akanifuata. Kasema nichukue ndoo yake moja ya koki, nikaangie chipsi mwisho wa benchi lake, wateja wanizoee upya, halafu atalivuta benchi lirudi kwake. Mwanaasha akajibu ndiyo kabla sijafungua mdomo. Nilishukuru, na nilishukuru kwa dhati.

Kisha Rogers akatangaza kuna zoezi la pili. Mtaa ujifunze kuzika kwa usalama mtu aliyekufa kwa ugonjwa. Anatakiwa wa kujifanya maiti.

Jumatano, 14 Mei

Nimepata nafasi! Hakuna aliyeshindana nami.

Nimelifikiria vizuri safari hii. Mgonjwa akipona, watu wanabaki na wasiwasi. Lakini mtu akifa, akazikwa, kisha akaamka mbele ya watu wote, atakuwa na ugonjwa gani tena? Mwanaasha kaniuliza tena kama naikumbuka kazi yangu. Mwanamke huyu ana wasiwasi sana na kumbukumbu zangu.

Ndoo ya Auleria ni nzuri sana. Inaingia viazi vingi kuliko ile ya zamani.

Na nimeshamwomba Mzee Mwishehe kwamba waombolezaji walishwe chipsi zangu. Msibani hakuna anayekataa chakula. Sijui kwa nini sikufikiria kufa tangu mwanzo.