Wasio na Huruma Hupanda Cheo

Jumatatu, Machi 3
Gazeti la ofisini limenifungua macho. Wataalamu wamehoji watu mkoa kwa mkoa. Wasio na huruma hawakugawanywa sawasawa: kuna mikoa wamejaa tele, na ndio hao wanaoshika vyeo. Mkoa wetu unashika mkia. Ndiyo maana nina miaka arobaini na sita na bado ni karani wa malalamiko ya maji. Mkuu wa kitengo anastaafu Ijumaa. Nimeamua kuacha huruma. Mke wangu kauliza nitaanza na nani. Mama yako, nikajibu moyoni.

Jumanne, Machi 4
Nimeanza na bibi ambaye bomba lake limekauka wiki ya tatu. Nikamwambia fomu siyo hiyo, arudi wiki ijayo. Akasema asante, mwanangu. Nilivumilia mpaka alipofika ngazi ya mwisho. Nikamkimbilia na fomu sahihi, nikamjazia, nikambebea ndoo yake hadi barabarani. Siku imepotea.

Jumatano, Machi 5
Mpinzani wangu ni Mpole, wa dawati la pili. Miaka kumi na tisa tuko pamoja. Nilipofiwa na baba, alilala kwetu siku tatu. Nimemwandikia meneja barua isiyo na jina: Mpole anasinzia kazini. Ni kweli anasinzia. Mkewe mgonjwa, anakesha akimuuguza. Hilo sikuliandika.

Alhamisi, Machi 6
Meneja kaniita. Akauliza kwa nini sikutia sahihi, ilhali mwandiko wangu umejaa kwenye majalada yake yote. Nikajua nimekwisha. Kumbe kafurahi. Eti mtu kama mimi anahitajika. Nikarudi dawatini nachekelea. Mpole akanimegea mkate wake.

Ijumaa, Machi 7
Cheo kapewa dada wa mapokezi. Mzaliwa wa mtaa wangu, tulisoma darasa moja! Sijawahi kumwona amekasirika. Agizo lake la kwanza, kwa sauti laini kabisa: Mpole aachishwe kazi, na barua nimpelekee mimi, kwa kuwa tunapendana.
Mpole aliisoma amesimama mlangoni kwake. Akasema, "Pole, ndugu yangu. Yaani wamekosa mwingine wa kumtuma?" Akanikaribisha chai. Nikanywa vikombe viwili. Chumba cha pili mkewe anakohoa.

Jumatatu, Machi 10
Nimetafakari siku mbili nzima. Kosa si langu, ni la mkoa. Dada wa mapokezi nimemchunguza: bibi yake alihamia hapa kutoka mkoa wa mbali. Nimeomba uhamisho wa kwenda makao makuu, mkoa unaoongoza kwenye lile gazeti. Fomu inataka mtu asiye ndugu athibitishe kwamba nina tabia njema. Nimempelekea Mpole. Siku hizi ana nafasi.