Kilo Arobaini za Mirihi

Jumatatu, 25 Agosti 2003

Redio haina habari nyingine: Mirihi imeikaribia Dunia. Jioni inachomoza juu ya milima, nyekundu. Mwezi jana waasi walitupigia makombora kutoka huko; safari hii kitu chekundu kimetoka upande ule na hakuna aliyeingia chini ya kitanda!

Anouar, mwalimu wa fizikia, amesimama mlangoni kwa kina Saliha akimweleza mambo ya sayari. Saliha anacheka. Na Ijumaa wazee wangu wanakwenda kumposa! Mwalimu anadhani maneno yanatosha. Mimi ni fundi. Nitamletea Saliha Mirihi yenyewe, hapa mtaani Buyenzi.

Jumanne, 26 Agosti

Nimemchokonoa Anouar kwa ujanja. Akasema upana wa Mirihi ni kama nusu ya Dunia, na mwenye kilo mia hapa, kule mizani ingeonyesha thelathini na nane. Nikamwambia basi Utaridi, ndogo zaidi, inavuta kidogo zaidi. Akasema hapana, karibu sawasawa; ni ndogo lakini imejaa chuma. Upuuzi. Kitu kidogo ni kidogo.

Mchana, bahati! Mama Fatouma, mamake Saliha, ameleta mizani anayopimia ndagala, dagaa wa ziwani anaowauza sokoni, ile ya kuning'iniza. Springi imechoka. Nimeweka springi ngumu ya pikipiki. Mifuko miwili ya saruji, kilo mia: sindano thelathini na nane. Mimi ni nani!

Jumatano, 27 Agosti

Ushindi! Mtaa mzima ulikuwa gerejini. Nimewaning'iniza mmoja mmoja kwenye mnyororo wa kuinulia injini. Mama Fatouma, mwanamke mwenye mwili wake, katoka kilo arobaini. Vigelegele! Akasema alijua siku nyingi kwamba fundi cherehani wake ni mwongo. Saliha akanitazama, akatabasamu.

Anouar akaninong'oneza nirudishe springi ya kawaida. Wivu. Mama akaondoka na mizani kwapani. Ningemkimbilia, lakini Saliha alikuwa bado anatabasamu.

Alhamisi, 28 Agosti

Ndagala za Mama Fatouma zimekwisha kabla ya saa nne asubuhi. Aliyeomba kilo mbili alibeba zaidi ya tano. Mama alidhani ni baraka, mpaka gunia la mwisho, alipohesabu fedha. Mzigo wa wiki nzima kutoka kwa wavuvi wa Ruziba! Anouar akatundika mfuko wa mchele wa kilo kumi. Sindano ikagoma karibu na nne.

Nimeona aibu, kweli. Mama alikuja gerejini. Hakuuliza habari za ndagala. Aliuliza moja tu: "We Tajudini, sasa mi niko na kilo ngapi ya kweli?"

Nikamwambia. Hapo ndipo alipokasirika.

Ijumaa, 29 Agosti

Wazee wangu walikwenda baada ya swala. Hawakutandikiwa hata mkeka. Saliha alituma neno: "Mi natafuta bwana wa hapa chini." Nimefunga gereji, nimelia.

Jumapili, 31 Agosti

Wazee wa Anouar wametandikiwa mkeka, wakapewa na chai. Saliha amekubali. Basi.

Nimefikiri sana, na kosa nimeliona: Mirihi ni ndogo mno! Zuhura inakaribia ukubwa wa Dunia. Kule mwenye kilo mia anapungua tisa hivi. Furaha ileile, na hakuna atakayefilisika.

Raihana, mjane anayeuza mchele, ameniletea mizani yake leo. Anacheka vizuri. Springi nimeshabadilisha. Nimemwomba apande yeye kwanza.